Mtoto wa jirani alitumbukia kwenye bwawa langu. Je, bango la onyo litanikinga?

Swali: "Wakili, asalaam aleikum. Nimerithi nyumba ya marehemu baba yangu huko Diani, ina bwawa la kuogelea uani. Mimi nafanya kazi Nairobi, kwa hiyo nyumba huwapangishia wageni wa wikendi na likizo kupitia ajenti. Yuko pia kijana anayetunza bustani na bwawa. Mwezi uliopita mtoto wa jirani, mvulana wa miaka minne, aliingia kwa geti la pembeni ambalo komeo lake limeharibika siku nyingi, akatumbukia majini. Bahati kijana wangu alikuwa akifagia karibu, akamtoa. Mamake hakusema ila alhamdulillahi. Mume wangu ashauri tutundike bango la 'Unaogelea kwa hatari yako mwenyewe' na wageni watie sahihi fomu, yaishe. Ajenti asema lawama ni ya wazazi. Mimi silali. Lau mtoto yule angekufa, nani angewajibika? Au nilifukie tu hili bwawa?"

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Kabla ya sheria, geti. Ukimaliza kusoma aya hii mpigie kijana wako simu, anunue kufuli na mnyororo, afunge geti hilo la pembeni leo hii, na ufunguo usiachwe ukining'inia msumarini hapo hapo. Komeo zuri litakuja baadaye. Mengine yote nitakayokuandikia yanaweza kungoja kesho.

Sasa maswali yako. Bango peke yake halitakukinga. Fomu itakusaidia kidogo kwa mtu mzima aliyeisoma, na kwa mtoto wa miaka minne haina maana yoyote. Ajenti amesema nusu ya ukweli, nusu inayomfaa yeye. Na lau mtoto yule angefariki, jina la kwanza kwenye hati ya madai lingekuwa lako.

Kenya tuna sheria fupi sana kuhusu jambo hili, Occupiers' Liability Act, yaani sheria ya dhima ya mwenye mahali, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Iliandikwa kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1957, ndiyo maana utamsikia wakili mahakamani Kwale au Mombasa akitaja kesi za London na Glasgow. Kesi hizo hazimfungi hakimu wetu, lakini husikilizwa.

Sheria hii haianzi kwa kuuliza hati miliki ina jina la nani. Inauliza nani ana mamlaka juu ya mahali penyewe: nani huamua mtu aingie au asiingie, nani ana ufunguo, nani anaweza kutoa amri komeo libadilishwe. Katika kesi ya Wheat dhidi ya kampuni ya bia ya Lacon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1966, mgeni alianguka kwenye ngazi za baa akafa. Majaji wakasema watu zaidi ya mmoja wanaweza kuhesabiwa kuwa wenye mahali kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kadiri ya mamlaka aliyo nayo. Pale walikuwa kampuni yenye jengo na meneja aliyekaa humo. Wote wawili waliponea kwa kuwa hawakuonekana wamekosea, lakini kanuni ilibaki na inatumika hadi leo.

Ukiileta kanuni hiyo Diani, wewe ndiwe mwenye uamuzi wa kujenga, kurekebisha na kulipia. Ajenti ndiye mwenye ufunguo, ndiye anayewapokea wageni na kuwaeleza nyumba. Kwa hiyo hata yeye hachomoki. Ila angalia jambo hili: kama aliwahi kukuandikia kwamba komeo limeharibika, nawe ukamjibu "ngoja mwisho wa mwezi", basi ujumbe huo wa WhatsApp ndio utakaosomwa mbele ya hakimu, neno kwa neno, na tarehe yake. Kuwa Nairobi si utetezi. Anayekaa mbali anatarajiwa kuweka mtu wa kuangalia na kumsikiliza anapolalamika.

Kwa aliyeingia kwa ruhusa, awe mgeni aliyelipa, rafiki yake aliyekuja kula chakula cha mchana au fundi wa pampu, wajibu wako ni mmoja: kuchukua hadhari inayofaa, kwa kuzingatia hali yote, ili awe salama vya kutosha anapotumia mahali kwa jambo lililomleta. Kisha sheria inaongeza jambo linalokugusa wewe hasa, kwamba mwenye mahali awe tayari kwa watoto wasiokuwa na uangalifu wa watu wazima. Mwaka 1922, katika kesi iliyotoka Glasgow, mtoto wa miaka saba alichuma matunda mazuri ya rangi kwenye bustani ya umma, akala, akafa. Yalikuwa na sumu. Mji haukuweka uzio wala onyo ambalo mtoto angelielewa. Majaji walikubali kwamba kitu kinachomvuta mtoto na huku kimeficha hatari, kinamtaka mwenye nacho awe na tahadhari zaidi. Sidhani kuna hakimu Pwani atakayehitaji kuelezwa kwamba maji ya buluu yenye boya la bata yanamvuta mtoto kuliko matunda ya kichakani.

Lakini mtoto wa jirani hakualikwa, utasema. Kweli. Sura ya 34 inazungumzia wageni walioingia kwa ruhusa. Asiyealikwa anaangukia kanuni za mahakama, na hapo ndipo kisa chako kinapokuwa kigumu.

Kesi ya kusoma ni ya Herrington dhidi ya shirika la reli la Uingereza, ya mwaka 1972. Mvulana wa miaka sita alipita penye uzio uliovunjika, mahali ambapo watu walikuwa wamepageuza njia ya mkato, akafika kwenye reli yenye umeme, akaungua vibaya. Hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Hata hivyo shirika lilishindwa, kwa sababu wakubwa wake walishaarifiwa kwamba watoto wameonekana relini, na uzio ukaachwa vile vile. Majaji walisema kuna wajibu wa utu: ukijua kuna hatari, ukajua watoto wanaweza kuifikia, na kuizuia kuko ndani ya uwezo wako, huwezi kujificha nyuma ya neno "hakualikwa".

Sasa lisome tena swali lako. Geti limeharibika siku nyingi. Jirani ana mtoto mdogo. Mtoto ameshaingia. Pengine kabla ya mwezi uliopita ungeweza kusema hukujua kama kuna mtoto anayeweza kupenya pale. Utetezi dhaifu, ila ungesimama nao. Leo huna. Siku mtoto alipotolewa majini akiwa hai ndiyo siku ulipopewa taarifa, na mtoto wa pili akiingia kwa geti lile lile, yeyote awe, kesi yake itakuwa nyepesi kuliko ya huyu wa kwanza. Katika madai ya namna hii swali ambalo wakili wa mdai hulikimbilia mapema ni "mlijua tangu lini?", na wenye nyumba wengi huanguka hapo, kabla hata kina cha maji hakijatajwa.

Kwa watu wazima mizani huelekea upande mwingine, nawe ustahili kulijua hilo ili usiishi kwa hofu. Kijana wa miaka 18 aliyejirusha kichwa mbele kwenye maji mafupi ya ziwa la bustani ya umma, penye mabango ya kukataza kuogelea, akavunjika shingo, alishindwa katika kesi ya Tomlinson dhidi ya baraza la Congleton mwaka 2003. Mwanafunzi aliyeruka ua wa bwawa la chuo usiku, akijua limefungwa, akajirusha na kuumia, alishindwa pia katika kesi ya Ratcliff. Mahakama haimtaki mwenye mahali awe yaya wa mtu mzima anayeiona hatari na kuichagua. Mgeni wako akilewa saa saba ya usiku akapanda ua uliofungwa, hiyo ni habari tofauti kabisa na mtoto aliyepita kwenye geti lililo wazi.

Hilo la wazazi nalo. Mwaka 1955, katika kesi ya Phipps dhidi ya mji wa Rochester, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na dadake wa miaka saba alitumbukia kwenye handaki la ujenzi, akavunjika mguu. Jaji alisema mwenye ardhi ana haki ya kutarajia kwamba wazazi wenye busara hawawaachi watoto wadogo kuzurura peke yao mahali penye hatari iliyo wazi. Ajenti wako akipata wakili mzuri ataisoma kesi hiyo kwa sauti. Ila ipime na hali yetu. Hapo lilikuwa handaki katika kiwanja kikubwa. Hapa ni ua kwa ua, mtaa ambao watoto wanatoka nyumba hii wakaingia ile wakitumwa chumvi, na wewe unajua. Mtoto wa miaka minne hawezi kuhesabiwa mzembe. Mzazi anaweza kuingizwa kwenye kesi na kubebeshwa sehemu ya lawama, na mahakama zetu zina mamlaka ya kugawa lawama kwa asilimia. Lakini kugawiwa si kusamehewa. Na jiulize kama una moyo wa kusimama kizimbani umwambie mama aliyezika mtoto kwamba alizembea, huku picha ya komeo lako bovu iko mezani kwa hakimu.

Turudi kwa bango la mumeo. Mwambie sheria imelitaja waziwazi: onyo halimwondolei mwenye mahali wajibu isipokuwa lilitosha, katika hali ile, kumfanya mgeni awe salama. Kwa hiyo swali si kama limeandikwa, ni kama limefanya kazi. "Unaogelea kwa hatari yako" halimwambii mtu chochote anachoweza kukitumia. "Kina mita 1.2, usijirushe kichwa mbele" linamwambia. "Hapa hakuna mwokoaji, mtoto asiingie bila mtu mzima aliye ndani ya maji" linamwambia pia. Andika kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuwa Diani inapokea Wajerumani wengi, ongeza Kijerumani. Weka namba za dharura 999 na 112 pamoja na jina la nyumba na njia ya kufika, kwa sababu mgeni anayepiga simu akitetemeka hajui hata yuko barabara gani. Andika kina ukingoni, upande wa maji mafupi na upande wa maji marefu. Bango la aina hiyo nalipenda, na ni ushahidi mzuri. Lile la kujiosha mikono lina ubaya mmoja zaidi: linathibitisha kwamba uliijua hatari, na ukaona wino unatosha.

Fomu ya sahihi, fupi. Mzazi hawezi kuuza haki ya mwanawe kwa kalamu mlangoni, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake. Wageni wasainishe, hakuna ubaya, ila fomu iwe ya kuwaeleza sheria za bwawa na kupata sahihi kwamba wameelezwa. Thamani yake ni hiyo.

Kinachokukinga ni kilekile kinachomwokoa mtoto, nacho ni uzio. Hapa nitakaa kidogo.

Watu hudhani mtoto anayezama atapiga kelele. Hapigi. Kelele zinataka pumzi, na mdomo wake uko chini ya maji au unainuka kwa nukta moja tu ya kuvuta hewa. Hawezi kupunga mkono. Mikono inasukuma maji chini bila yeye kupenda. Yote huweza kuisha ndani ya dakika moja, mita tatu kutoka kwa watu wazima wanaochoma nyama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa hiyo usitegemee macho ya watu walio likizo. Macho ni ulinzi wa pili.

Vipimo nitakavyokupa ni vya Australia, nchi iliyoisumbukia habari hii muda mrefu kuliko wengi. Sheria ya Kenya haikulazimishi kuvifuata kwa sentimita, lakini ukivifuata hakuna wakili atakayekuona mzembe kirahisi. Uzio uwe na urefu wa sentimita 120 au zaidi. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, na vivyo hivyo nafasi ya chini kati ya uzio na ardhi. Fito ziwe za kusimama. Za kulala ni ngazi. Upande wa nje, ndani ya sentimita 90, kusiwe na kiti, chungu cha maua, mtungi wa gesi wala jiwe la matumbawe la kukanyagia. Uzio wa makuti yaliyosukwa unapendeza kwenye picha, ila mtoto hupenya chini yake au huupanda, na baada ya mvua za masika unalala wenyewe.

Geti lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, lijifunge lenyewe na kujikomea lenyewe. Komeo liwe juu, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Lijaribu hivi: lifungue sentimita tano tu, liachie bila kulisukuma. Kisha lifungue nusu, uachie. Kisha lote. Likishindwa hata mara moja, geti ni bovu. Hapo Diani hewa ya chumvi hula bawaba na springi kwa kasi, basi nunua za chuma kisichoshika kutu au za plastiki ngumu, na kijana azijaribu kila asubuhi. Jiwe la kuzuia geti lisijifunge, ambalo wageni hulipenda sana wakiwa wanabeba trei, liondolewe uani kabisa.

Nyumba nyingi za Pwani zina kosa moja ambalo uzio wa nje haulitibu: mlango wa sebule unafunguka moja kwa moja kwenye bwawa, kwa hiyo nyumba yenyewe imekuwa upande wa nne wa uzio. Uzio huo unamzuia mtoto wa jirani lakini mtoto wa mgeni anaamka saa kumi na mbili asubuhi, wazazi wamelala, anasukuma mlango. Bwawa lizungushiwe pande zote nne, litengwe na nyumba pia. Najua ajenti atalalamika kwamba linaharibu mandhari. Uzio wa kioo upo, una bei yake. Wa fito za alumini ni nafuu na unaonyesha maji vizuri. Baada ya kuogelea, maboya na vinyago vyote vitoke majini, kwa sababu mtoto hafuati maji, anafuata bata.

Maji yenyewe yawe maangavu. Ukisimama ukingoni ulione tundu la chini na kifuniko chake bila kukodoa macho. Ukiwa huvioni, mtu aliyezama hapo chini naye hutamwona, na bwawa lifungwe hadi litakate. Klorini na asidi zisiwekwe chumba kimoja zikapakana, na zisichanganywe kamwe, maana hewa inayotoka huua. Weka ukingoni mti mrefu wenye ndoano na boya la kurushia lenye kamba, visifungiwe stoo.

Tundu la chini lina kisa chake. Pampu inavuta maji kwa nguvu kupitia pale, na kifuniko kikivunjika au kikiwa bapa, kinaweza kumnasa mtu kwa nywele, kwa nguo au kwa tumbo, na wanaume wawili wasiweze kumwondoa. Mwaka 2002 huko Marekani alikufa hivyo Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka saba, mjukuu wa James Baker aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mamake akapigania sheria iliyobeba jina la bintiye, ikapitishwa mwaka 2007, inayotaka vifuniko vya kuzuia kunasa. Kwako: kifuniko kiwe kilichobinuka juu, kizima, kimefungwa kwa skurubu, na matundu ya kuvutia yawe mawili yaliyo mbalimbali ili moja likizibwa lingine lipumue. Swichi ya kuzima pampu ionekane wazi na kila mgeni aonyeshwe. Taa za majini ziwe za volti 12, na saketi nzima ya bwawa ipite kwenye RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, uweke risiti na jina lake. Sheria inakuondolea lawama ya kosa la fundi ikiwa ulichagua mtu anayefaa na ukahakikisha, kwa kadiri ya uwezo wako, kazi imefanywa sawasawa. Fundi wa "rafiki ya binamu" asiye na karatasi anakunyima kinga hiyo.

Kijana wako anastahili zaidi ya asante. Mpeleke kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na mumkatie bima ya wafanyakazi chini ya WIBA, sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo ni lazima kwa mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ajue hili: mtu aliyetolewa majini na hapumui anahitaji hewa kwanza. Kichwa kirudishwe nyuma, apewe pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha kifua kibonyezwe mara 30 na pumzi mbili, hivyo hivyo bila kukoma hadi msaada ufike. Kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo, mambo ambayo bado nayaona yakifanywa ufuoni, kunapoteza dakika na kunarudisha matapishi mapafuni. Na aliyezinduka apelekwe hospitali hata akicheka; kikohozi, kupumua kwa shida au usingizi usio wa kawaida vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Halafu kuna daftari. Kijana aandike kila siku tarehe, geti limejaribiwa, maji yanaonekana chini, kifuniko kizima, na sahihi yake. Liandikwe siku hiyo hiyo. Daftari lililojazwa miezi sita kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotikisika ni baya kuliko kutokuwa na daftari.

Bima: toa mkataba wako wa bima ya nyumba uusome ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Bima nyingi za makazi hazigusi nyumba inayopangishwa kwa biashara, na kama hukuiambia kampuni ya bima kwamba kuna bwawa na wageni wanaolipa, inaweza kukukana siku ya msiba. Omba bima ya dhima kwa umma inayotaja bwawa kwa jina. Tukio la mwezi uliopita iarifu kampuni sasa, kwa maandishi, kwa sababu mikataba ya bima karibu yote inataka taarifa mapema hata kama hakuna aliyedai. Madai ya uzembe yana miaka mitatu kufunguliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kwa hiyo ukimya wa jirani leo si risiti.

Watu wa bima watakwambia usikiri kosa wala usilipe chochote bila wao, na ni sharti la mkataba, litii. Wengine wakasikia hapo kwamba wasimkaribie jirani. Mimi sikubaliani. Nenda kwa mama yule. Mjulie hali mtoto, uliza kama alionwa na daktari, mwambie geti limefungwa na uzio unajengwa. Kumpa mtu pole si kukiri uzembe, na katika madai niliyoyaona, mengi yaliyofika mahakamani yalianza na mtu aliyengoja mlango upigwe hodi, usipigwe.

Kuhusu jela, kwa kuwa umesema hulali: mtu akifa kwa uzembe mkubwa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaruhusu mashtaka ya jinai hata kwa jambo uliloacha kulitenda. Hiyo ni kwa uzembe uliopindukia. Mwenye nyumba aliyejenga uzio na kuutunza hayuko karibu na mlango huo.

Mwisho, kulifukia. Usiharakishe, na zaidi ya yote usilimwage maji tu ukaliacha. Bwawa tupu ni shimo la sakafu ngumu. Mtoto anayeangukia humo haogelei. Karibu na bahari, maji ya ardhini yakipanda wakati wa mvua yanaweza kulisukuma bwawa tupu kutoka chini hadi likapasuka. Na mvua ikijaza nusu, umepata maji ya kijani yasiyoonyesha chini, pamoja na mbu, jambo ambalo afisa wa afya wa kaunti anaweza kukuandikia notisi chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Ukiamua kulifunga kabisa, liwe la kuvunjwa sakafu ili maji yapenye, lijazwe kifusi na kushindiliwa kwa kibali cha kaunti. Kama mapato ya wageni yanategemea bwawa, pata bei mbili za uzio wiki hii, funga biashara hadi uzio usimame, kisha uandike upya mkataba wa ajenti: yeye akague geti kila wageni wanapoingia na kutoka, na awe na ruhusa ya kutumia kiasi fulani cha fedha papo hapo, bila kukuuliza, kurekebisha komeo, bawaba au kifuniko. Kiasi hicho mkitaje kwa tarakimu.